Siku Nyakerario Alipoulizwa Kama Ameridhia

Zamani baba mkwe akikohoa njiani, mke wa mwanawe aliacha njia na kujificha migombani mpaka mzee apite; siku hizi wanakalishwa benchi moja ofisini, magoti yakikaribia kugusana, na kijana mwenye tai anamuuliza mwanamke kama ameridhia.

Heshima hiyo sisi Abagusii tuliiita chinsoni. Baba hakuingia nyumba ya mwanawe, na mke wa mwana hakumtazama baba mkwe usoni wala kumpinga kwa neno. Mwana naye hakubishana na baba mbele ya watu. Kwa babu mambo yalikuwa mengine: babu na wajukuu walitaniana wapendavyo. Vijana wa leo hawajui haya wala yale.

Nyakerario ameolewa na Alfayo mwana wa Ochoki, jirani zangu huku nyuma ya soko la Nyakoe. Kwa hesabu ya ukoo Ochoki ni mwanangu, ingawa naye ana mvi, kwa hiyo mke wa Alfayo huniita sokoro, yaani babu. Ni mwanamke mfupi, mkavu, wa kanisa la Sabato, na shamba lao la majani chai amelitunza mpaka ukilitazama kutoka barabarani unadhani limetandikwa. Mumewe hakuwahi kuinama humo. Hata hivyo hatimiliki ina jina la mume, na mwaka jana Alfayo alipata mnunuzi. Alitaka gari la abiria, ila bodi ya ardhi haipitishi mauzo mke asiporidhia.

"Nimeitwa bodi ya ardhi Jumanne," Nyakerario aliniambia, amesimama uani kwangu na kikapu mgongoni. "Wataniuliza kwa Kizungu. Wewe una ile kamusi yako iliyoliwa na panya. Watatumia neno gani?"

"Keti kwanza, bibi yangu. Umesimama kama askari."

"Nikiketi utatangaza nimehamia kwako. Neno gani?"

Shule nilikatishwa mapema. Kiingereza nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia nyama, na maneno ya ruhusa nayajua vizuri kwa sababu maisha yangu yote nimekuwa nikiiomba. Nikamwambia kuna let, la mama kumwachia mtoto akacheze. Allow ni la mwenye nyumba. Permit ni la serikali. Grant ni la mkubwa anayekupa kutoka juu, na approve ni la mwenye muhuri. Wao watatumia consent, na hilo ndilo zito, kwa maana bila moyo wako halisimami.

"Yote hayo ni ya kukubali," akasema. "La kukataa je?"

"No."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Hakucheka. Alishusha kikapu, akaketi bila kuambiwa tena.

"Sokoro, Alfayo anakwenda na baba yake."

Nikaelewa. Alfayo, ambaye hula meza moja na baba yake wakigombania paja la kuku, alikuwa amekumbuka mila ghafla. Alijua mkewe hatampinga mbele ya Ochoki.

"Najijua," Nyakerario akasema. "Mdomo utafunga. Nikinyamaza wataandika nimekubali, na shamba limekwenda. Watoto watakula nini?"

Mpaka Jumanne ikafika chakula kwangu hakikuwa na ladha.

Nilikwenda, nikaketi nyuma. Ochoki alikaa mbele, amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali, bega kwa bega na mwanawe. Nyakerario alikuwa mwisho wa benchi hilohilo, amejikunyata kama anayesikia baridi. Mwenyekiti alisoma upesi, maana watu walikuwa wengi, kisha akauliza kwa Kiingereza. Karani akatafsiri: mama, umeridhia shamba liuzwe?

Nyakerario alitazama sakafu. Aliikunja ncha ya leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mama?"

"Kwetu mwanamke akinyamaza amekubali, mheshimiwa," Alfayo akasema kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao nyumbani.

Mwenyekiti akashika kalamu. Nami nikainuka.

"Ochoki," nikasema kwa Ekegusii, "toka nje."

"Baba, hii ni ofisi ya serikali."

"Nimesema nini?"

Alinitazama kwa chuki, kisha akainamisha macho. Alitoka polepole, na watu wa mlangoni wakampisha.

"Huyu mzee si wa kesi hii," Alfayo akaanza, lakini mkewe alikuwa ameshainua uso.

"No," akasema. Kisha akarudia kwa Kiswahili, asije mtu akamsingizia. "Sikubali. Hata kidogo."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akamwita mwingine.

Shamba likabaki. Alfayo alihamia Nakuru, akatuma salamu kwamba atarudi mkewe akipata akili. Ochoki hanisalimu tena. Jioni moja nilimsikia ndani ya nyumba ya mwanawe, jambo ambalo baba yake mzazi asingethubutu kulifanya, akimtukana Nyakerario. Naye Nyakerario alimjibu neno kwa neno, kwa sauti ya sokoni. Nilisimama kwenye ua na fimbo yangu. Shamba halikunitia hofu tena. Niliogopa kwamba kati ya wale wawili hakikubaki kitu cha kuzuia mkono.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa kwenye kituo cha kupimia majani chai. Ochoki, ambaye sehemu yake ya shamba aliiuza zamani, alikuwa amesimama mbele ya mke wa mwanawe, uso kwa uso.

"Mama Nyasani, niruhusu nichume ile mistari ya chini," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Nipate pesa ya chumvi tu."

Nyakerario alimkazia macho. Watu wa foleni waliendelea na porojo zao, wala hakuna aliyeshangaa. Karani wa mizani akaita jina la Nyakerario. Akabeba gunia, akaenda kupimiwa, na mzee akamfuata nyuma, bado akingoja jibu.