Nilivyotafsiri sinema ya cowboy nikiwa nyuma ya shuka, Masinya, miaka ya sitini

Wakuu, nawasalimu. Haya yalinikuta mwenyewe, na wazee wa Masinya waliobaki wako huru kunisahihisha nikitia chumvi.

Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi na diploma ya ufundi wa redio. Sikusomeshwa na mjomba wala misheni. Nilijilipia kwa jasho langu. Upande ule wa Busia, suti kama yangu hungeiona kwa mtu mwingine.

Jioni moja gari la sinema likaja kutoka Tororo. Dereva akatafuta mtu wa kutafsiri Kiingereza. Angemtafuta nani mwingine?

Nikafika uwanjani na tai yangu. Mstari wa mbele kabisa, juu ya mkeka, nikamwona mama yake Nekesa.

Nekesa ndiye niliyekuwa nimemposa, na mama alikuwa bado hajaridhika. Alisema nina maneno mengi.

Kwa vijana: kwetu Wasamia, mtu na mama mkwe hawatazamani ana kwa ana. Ukisimama mbele yake namna ile, posa imekufa.

Kuondoka nako ni aibu, nilishajitangaza soko zima. Nikazunguka nyuma ya shuka la sinema. Picha inaonekana hata huko, na sauti yangu ilitosha.

Katuni ilianza: dubu mwizi wa asali. Katuni safi sana, za siku hizi hazifiki hapo. Watu walicheka mpaka wakakohoa.

Ikaja cowboy. Nikatangaza, "Sasa anachomoa bastola kwa mkono wa kushoto!"

Kisha Wafula, binamu yake Nekesa, fundi baiskeli: "Shemeji, huo ni wa kulia."

"Wa kushoto. Mimi nina macho."

"Diploma yako ilisahau mikono?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wafula akazidi: "Kama unabisha, njoo huku mbele uone."

Hatua chache tu. Nilishaushika ukingo wa shuka.

Nikamkumbuka aliyekaa kwenye mkeka. Nikauachia.

"Haya, wa kulia," nikasema, nikaendelea kutafsiri huku wakinizomea mpaka farasi wa mwisho.

Kesho yake Nekesa akaniletea maneno ya mama yake: "Mwambie nimemsikia akimeza majivuno yake. Alete ng'ombe."

Nikawapeleka, tena wanono.

Nilichojifunza: picha ni ileile, ila shuka lina pande mbili, nyuma yake kulia hugeuka kushoto, na mtu anayekubishia huenda amekaa upande wa pili.

Mpaka leo tukitazama cowboy za zamani kwenye TV, mke wangu huniuliza, "Mzee, huyu anatumia mkono gani?"

Najibu wa kushoto. Nilipokaa mimi, ulikuwa wa kushoto.

Nanyi mliokulia enzi za gari la sinema, kwenu nani alikuwa anatafsiri? Semeni, ingawa sidhani alinifikia.