Mikono ya Mama kwenye Giaboksi

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha uani kwetu Matiliku. Mama amepiga magoti, anaosha gia mpya za pikipiki kuukuu ya Baba. Zilichongwa na fundi, hazikuwa za kampuni iliyoiunda, maana hizo hazitengenezwi tena. Baba alikuwa ametoka hospitali, mkono wake wa kulia umepooza.

“Wewe nielekeze tu,” Mama alimwambia.

“Anza na ile ndogo. Ikikataa usiilazimishe.”

Ilikataa, ikakataa tena. Baba akageuza uso ukutani. Mama aliipiga msasa kidogo, akaijaribu tena, ikaingia.

Jumapili moja Mama alituaga akiendesha kwenda kanisani. Baba alikaa nyuma, amemshika kiuno kwa mkono mzima, akipaza sauti, “Gia, mama! Badilisha gia!”