Samaki wa Mama kapita mbele ya macho yangu

Leo nimemwongopea mama yangu mara mbili, na sababu yenyewe ni samaki.

Tangu tu wadogo huku ng'ambo, Darsait, Mama hutuhadithia filamu aliyooneshwa skuli, Unguja. Ati watu wa kweli wanatembea chini ya bahari ya kuchorwa, na samaki aliyechorwa kwa wino anawapita mbele ya pua.

Tulimcheka miaka yote, tukimwambia aliota. Mimi kuliko wote.

Yeye wala hakukata tamaa. Yeyote akirudi sinema, humuuliza: "Samaki wangu umemuona?"

Leo mchana kasikia nnakwenda klabu ya filamu, mtaa wa Wattaya. Kaniomba twende sote. Nikamwambia nafasi zimejaa. (Mama husema na waigizaji kwa sauti kubwa. Niliona haya, ndo ukweli.)

Nusu ya viti vilikuwa vitupu.

Taa zikazimwa. Filamu ya zamani, ya Kicheki. Watu wa kweli. Bahari ya kuchorwa.

Na huyooo! Samaki wa wino, mbele ya pua zao!

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke.

Nimerudi, nimemkuta ananipashia wali. Hata hakununa. Kaniuliza tu: "Samaki wangu umemuona?"

Nikamjibu: "Hapana, Mama."

Maana ningesema ndiyo, ningemwambiaje kuhusu kile kiti kitupu ubavuni mwangu?

Nambieni jamani, naanzia wapi kumwambia ukweli?

Kwa sababu kanipakulia, kisha kasema: "Basi mlisema kweli nyinyi. Niliota."