Siku Moja ya Mzee Shehata

Mtaani kwetu Tanta, Mzee Shehata ndiye aliyekuwa akituamsha daku kwa ngoma, akimwita kila mtu kwa jina. Kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko hiyo ngoma. Alijitapa kwamba tangu abalehe hajala Ramadhani hata siku moja.

Mkewe, Nagat, alipoona anajisaidia damu, alimburuta hospitali katikati ya mfungo. Daktari Mervat akamweleza taratibu kwamba atampitisha kamera kwa nyuma, akikuta kinyama kwenye utumbo atakikata papo hapo, bila maumivu. Ila utumbo uwe mtupu. Siku ya kuamkia kipimo asiguse chakula kigumu, anywe supu, maji na dawa ya kuharisha. Mgonjwa ana ruhusa, alimwambia, siku hiyo atailipa baada ya Idi.

Mzee aliitikia kila neno. Nyumbani akaimwaga dawa chooni, akamwambia Nagat ameinywa, akafunga kama kawaida. Siku ya kipimo, kabla ya alfajiri, ngoma ingali begani, akashindilia maharage na mkate kwenye mkokoteni wa barabarani. Kwake yeye, kufunga ni kufunga. Akapanda kitanda cha hospitali na fahari yake yote.

Kamera haikufika mbali.

"Mzee, umekula nini?"

"Nimefunga, binti yangu."

"Naona maharage. Nikilazimisha kupita humu nitakutoboa utumbo. Rudi wiki ijayo, na dawa unywe mbele ya mkeo."

Angerudi, lau si Gaber, kaka yake Nagat, muuza halua asiye na haya. Habari ile aliitangaza mkahawani. Ngoma ilipopita, wanaume wakamchungulia madirishani: "Mzee Maharage, kamera imeshiba?" Nilisikia vicheko mpaka kwangu, na Gaber namchukia hadi leo. Mzee akaapa hatamvulia mtu suruali tena. Nagat alimbembeleza, akamtukana, akalia. Wapi.

Mwaka uliofuata kinyama kilikuwa saratani, kimeziba njia. Walimkata utumbo, wakamtundikia mfuko wa choo tumboni, wakasema haponi. Ramadhani imeingia, naye hafungi. Kila magharibi Nagat humlisha maskini mmoja kwa ajili yake, fidya ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Humpakulia maharage, maana ndiyo yaliyopo.

Jana nilikuwa pale. Mzee alimtazama maskini akila, kisha akamuuliza mkewe, "Yule daktari alisema ningelipa siku ngapi?"

Nagat hakugeuka. "Moja," alisema, akaendelea kupakua.