Pikapu Iliyoacha Kukwama

Mashine ya kusaga ilikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu watu walikuwa wakiiita mashine ya mwenye pikapu, nami nikawa nawajibu pale pale kwamba mwenye pikapu, yaani mume wangu, hakuchangia hata boliti. Niliinunua kwa pamba niliyolima mwenyewe, miaka ya sabini, kwa familia moja ya Kihindi ya mjini Shinyanga iliyokuwa ikifunga kinu chao. Injini hawakuniuzia, ilikwisha kupata mtu. Kwa hiyo mimi nilikuwa na mashine isiyo na injini, na mume wangu alikuwa na gari lisilo na barabara.

Hayo ya barabara lazima niyaeleze. Kwetu ni ndani ukitoka Tinde, na kati yetu na barabara kubwa ipo mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, na mvua zikinyesha unakuwa uji. Mume wangu alikuwa akibeba mizigo ya mfanyabiashara mmoja wa Shinyanga, sabuni, mafuta ya taa, sururu na makarai, akiipeleka kwa wachimbaji wa dhahabu huko Geita. Kiangazi tulimwona kwa nadra. Mvua zikianza, pikapu ilikaa uani mpaka mbuga ikauke. Kila alipojaribu kuvuka, gurudumu moja la nyuma lilizama likazunguka peke yake, likirusha matope mpaka juu ya paa, na mwenzake lililokuwa kwenye udongo mgumu limetulia tuli, halina habari. Ng'ombe wa jirani ndio waliomtoa, na huyo jirani alikuwa na domo, jamani! Wiki nzima kijiji kilisimuliwa.

Basi mvua ndiyo ilikuwa majira yangu. Mume wangu aliinua nyuma ya pikapu kwa jeki upande wa kushoto, akavua tairi, akafunga puli mahali pake, na mkanda ukatoka kwenye puli kwenda kwenye mashine. Tairi la kulia lilibaki chini limezuiwa kwa jiwe. Akitia gia, upande ulioinuliwa unazunguka, wa chini hautikisiki. Uhuni ule ule uliotukwamisha mbugani ndio uliotusagia mahindi. Wanawake walikuja na vikapu vya mahindi, mtama na udaga wa muhogo, wakanisalimu mimi kwanza, "Mwangaluka, mayo," yaani umeamkaje, mama, ndipo wakamgeukia yeye. Nilipenda hivyo, kwa nini nifiche? Yeye alikaa kwenye usukani akipiga soga na kila mtu, nami nilisimama kwenye mashine, nywele nyeupe kwa unga, nikitoa amri. Jioni tulikula pamoja, watoto, yeye na mimi. Sikujua kwamba hayo yote yalishikiliwa na kipande kimoja cha chuma chini ya gari.

Mwaka mmoja yule mfanyabiashara akamwambia wazi kwamba wachimbaji wanakula mvua na jua, na kama pikapu yake haipiti, atatafutwa dereva ambaye yake inapita. Mume wangu akaenda gereji mjini. Fundi alikuwa na difu, kile chuma cha katikati ya magurudumu ya nyuma kinachoyagawia nguvu, aliyoitoa kwenye gari la wapima ardhi lililopinduka. Akaifunga, na ile ya zamani akabaki nayo gerejini.

Mume wangu alirudi kichwa kimevimba. Alinikuta napepeta mtama, akachuchumaa, akachora kwa kijiti vumbini.

"Difu ya kawaida, mama watoto, inapeleka nguvu upande ulio mwepesi. Gurudumu lililo kwenye matope halina kazi ya kufanya, basi nguvu zote zinakwenda huko huko kupotea. Hii ina sahani ndani, zinabanana kama za klachi. Gurudumu moja likitaka kukimbia peke yake, linabanwa, na mwenzake anapata sehemu yake."

"Na kwenye kona? Si la nje linakwenda zaidi?"

"Zinaachia kidogo. Halafu zinabana tena."

Sitasema uongo, gari lilibadilika. Zamani kutoka kwenye korongo na mzigo lazima alichukue kwa mbio, sisi tumeshikilia mbao tunamwomba Mungu. Sasa lilipanda polepole, matairi yote mawili yakiuma udongo. Ila lilikuwa na madeko yake. Likigeuka uani lilinguruma kwa nyuma kama mtu anayesaga meno usingizini. Lilitaka oili yake maalumu, ya kuagizwa Mwanza. Matairi yalianza kulika upesi. Na mahali penye mteremko wa upande, penye utelezi, magurudumu yote mawili yaliserereka kwa pamoja na mkia ukaenda mtaroni. Zamani tulikwama tumenyooka. Sasa tulikwenda ubavu, nami nimekaa mbele roho mkononi.

Mvua ya kwanza iliponyesha wanawake walikuja kama kawaida. Mume wangu naye akafanya kama kawaida: jeki kushoto, puli, mkanda, jiwe kulia. Akatia gia, akaachia klachi. Weee! Tairi la kulia likauma ardhi, likapanda lile jiwe, pikapu ikaruka kutoka kwenye jeki na kwenda mbele ikiiburuta mashine yangu kwa mkanda kama mbuzi aliyefungwa kamba. Wanawake walitawanyika wakipiga yowe. Pikapu ikazimika kwenye ua wa minyaa, puli imechimba ardhini. Hakuna aliyeumia. Mashine ililala chali, karai lake la kumiminia nafaka limekunjika.

Mume wangu akateremka, akatazama chini ya gari, akatazama mashine.

"Ni difu," akasema.

"Naona ni difu!" nikamwambia. "Hiyo sehemu ya mwenzake uliyonichorea, ndiyo hiyo imepewa."

Alicheka. Mimi sikucheka. Lakini haki yake nampa: siku chache baadaye alikuwa amenyoosha karai na kuchonga magogo mawili mazito, akainua nyuma yote, kulia na kushoto, na kuzuia magurudumu ya mbele. Mara ya kwanza mashine ilizubaa, ikatoa chenga badala ya unga. Zamani gurudumu moja lilizunguka kwa mwendo wa mawili. Sasa yalizunguka yote, kila moja na mwendo wake tu. Akapandisha gia, na unga ukatoka laini. Tuliwafukuza watoto wasisogelee tairi lile lililozunguka hewani. Nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, maana yale magogo yalitaka gari liwepo. Mbuga ilijaa maji, malori ya watu wengine yakasimama Tinde, na mume wangu akapita. Akapita tena. Sifa zake zikafika Kahama. Mfanyabiashara hakuwa na dereva mwingine wa kupita, basi mizigo yote ikawa yake. Alirudi usiku, akaondoka alfajiri, mvua kama kiangazi.

Wanawake walikuja na vikapu, wakakaa barazani. Nikawaambia waje kesho. Kesho yake nikawaambia Jumamosi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniahidi Jumamosi. Jumamosi walikuja, jua likapanda, magogo yamekaa uani hayana gari. Mama mmoja mtu mzima akafunika kikapu chake kwa kanga.

"Mayo," akaniambia, "gari lenu siku hizi limepata miguu."

Wengine wakacheka, nami nikacheka nao. Walipoondoka kwenda kutwanga niliingia ndani nikakaa kitandani. Niliona aibu, na chini ya aibu ilikuwepo hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya kitu ambacho mtu mwenye akili hawezi kulalamikia. Nani analalamika kwamba gari la mumewe halikwami?

Nililalamika hivyo hivyo. Alipokuja nilimwambia airudishe ile difu ya zamani.

"Nirudi kwenye kukwama? Kwa hiari yangu?"

"Kwa hiari yangu mimi."

"Una utani wewe."

"Sina utani hata kidogo. Mvua ikinyesha nilikuwa na kazi na nilikuwa na mume. Sasa sina hata kimoja."

Akasema safari hii ikiisha tutakaa tuzungumze, na kulipokucha hakuwepo.

Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho aliporudi mchana mmoja, peupe, akipiga honi tangu mbali. Alikuwa na furaha ya kweli. Alikuwa amepita mahali ambapo malori yalizama mpaka kwenye bodi, madereva wamesimama juu ya mizigo wanamtazama. Alisimulia amesimama, kwa mikono yote miwili. Halafu akaenda nyuma ya pikapu, akarudi na mfuko begani, akauweka mlangoni kwa upole.

"Nimekuletea sembe," akasema. "La dukani, Geita. Usihangaike."

Nilichemsha maji. Nilipika ugali wa lile sembe, nikamwekea na nsansa, yale majani ya kunde makavu, nikakaa namtazama akila.

"Unga laini huu," akasema. "Wamesaga vizuri."

Nikamwambia mashine nimeiuza juzi. Alikuja mtu wa Nyasubi na mkokoteni wa ng'ombe, mtu mwenye injini yake, akaibeba pamoja na mkanda.

Mkono wake ulisimama juu ya bakuli. Akageuka kutazama uani, kwenye magogo, kana kwamba huenda nimekosea.

"Ungenisubiri," akasema.

"Nimekusubiri mvua nzima, baba watoto. Kula, ugali unapoa."