Siku Niliyopika Jua

Aibu yangu wengi mnaijua, na kwa kuwa kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (jirani yangu Skolastika sasa amefikia kusema kwamba nilikuwa nimelewa, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone), nimeona afadhali niiandike mwenyewe kwa mkono huu ulioacha shule darasa la nne, ili anayetaka kucheka acheke jambo la kweli.

Naitwa Leokadia, nakaa hapa Nyamiaga na mjukuu wangu Jenista. Ni mtoto wa mwanangu Deogratias, ambaye yeye na mkewe wana biashara yao ndogo kule mpakani Kabanga na huja kutuona Jumapili baada ya misa. Jenista yuko darasa la sita. Si mtoto wa maneno mengi, lakini kitu akikishika kichwani hakitoki. Mwaka huu alikuwa ameshika kitu kimoja tu: siku ya wazazi angekuja afisa elimu wa kata, Bwana Novati, kuchagua mtoto mmoja, mmoja tu, wa kwenda Ngara mjini kwenye maonyesho ya sayansi ya shule zote. Mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Faustini, alikuwa amempa Jenista kazi ya kuonyesha Jua. Mtoto huyo aliitaka safari hiyo kuliko gauni la Krismasi. Nilimsikia usingizini akihesabu hatua.

Jua lenyewe lilikuwa boga. Boga langu mimi, la mwisho wa msimu, kubwa la kukumbatia kwa mikono miwili, nililokuwa nimelihifadhi chini ya kitanda.

"Bibi, lile boga usiliguse. Lile ni Jua."

"Jua liko chini ya kitanda changu na bado nalala na baridi?"

"Bibi, nasema kweli. Nimelipima kwa kamba. Jua likiwa boga lile, dunia yetu yote ni punje moja ya mtama, na punje hiyo inakaa mbali na boga hatua sitini."

Nikamwambia sawa. Kisha akaniambia kwamba Jua ni nyota, na hapo nikakataa, kwa sababu nyota mimi nazijua. Mama yangu Bernadeta alinionyesha kile kikundi cha Kilimia nikiwa sijaota meno ya ukubwa, tulikuwa tukikitazama kabla ya kushika jembe, na hakuna siku Kilimia kimenikaushia maharage.

"Nyota ni nyota," nikasema, "na Jua ni Jua."

"Hata hizo za Kilimia ni majua, Bibi. Zinaonekana ndogo kwa sababu ziko mbali."

"Mbali kama Biharamulo?"

Akacheka hadi akaweka kalamu chini. Akasema mwalimu amewapigia hesabu: boga likiwa hapa Nyamiaga, nyota iliyo jirani yake ni boga jingine lililoko Japani. Na ule mstari mweupe tunaouona angani wakati wa kiangazi ni majua mengine yasiyohesabika, na letu limo humo humo, na yote pamoja huitwa galaksi. Sikuwa nimekubali, nilikuwa nawaza tu ni nani atabeba boga mpaka Japani.

Sasa sikilizeni uamuzi wenyewe, mdogo, wa kuamuliwa umesimama jikoni. Siku moja kabla ya siku ya wazazi, saa sita mchana, Jenista akiwa shuleni, nikasikia hodi, nikatoka, nikamkuta Veneranda. Veneranda ni mkwe wangu, mama wa mke wa Deogratias, ametoka kwao Kirushya kwa gari la watu wa ndizi bila taarifa. Kama desturi inavyotaka hakuja mikono mitupu, alikuja na kibuyu cha pombe ya ndizi, kibuyu kizuri cha mviringo chenye shingo fupi. Na mimi ndani nilikuwa na maharage peke yake. Mkwe hali maharage matupu. Mahindi ya kuchemsha nilikuwa nayo, lakini Veneranda hana meno ya mbele (yalimtoka yote mwaka alipougua binti yake Renatha), na kumwekea mahindi ningekuwa namtukana.

Nikaingia chumbani, nikainama, nikalitazama boga. Jenista alikuwa amelipaka madoa ya mkaa huku na huku. Nikajiambia, shule wanataka kitu cha mviringo, na vitu vya mviringo duniani havijaisha. Nikayasugua yale madoa kwa gunzi nikidhani ni mchezo wa watoto, nikapasua, nikapika na maharage.

Lilikuwa boga la unga, tamu, Mungu anisamehe. Jenista alirudi jioni, akamwamkia bibi yake wa Kirushya shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa, akala sahani mbili, labda akidhani boga limekuja na mgeni. Sikumwambia. Nilisema moyoni kwamba nitamwambia mgeni akiondoka, na mgeni akalala.

Asubuhi nilimsindikiza Veneranda mapema hadi barabarani, akarudi Kirushya. Niliporudi nyumbani nikamkuta Jenista amesimama uani mbele ya ungo, na kwenye ungo nilikuwa nimeanika mbegu za boga.

"Bibi," akasema, "nimekula Jua?"

Akalia bila sauti, na kilio cha namna hiyo ni kibaya kuliko cha kelele. Nikakimbia kwa Skolastika, boga lake lilikuwa limeoza upande. Nikaenda kwa jirani mwingine, Adventina, ameshauza lake. Nikarudi, na macho yangu yakaangukia kibuyu cha Veneranda.

Kilikuwa bado na pombe, kama theluthi. Mwenye akili angeimwaga. Lakini kwetu pombe ya mkwe haimwagwi, kumwaga pombe aliyokuletea mkwe ni kumwambia undugu wetu na uende na maji, na mtungi wa kuihamishia nilikuwa nimemwazima Adventina. Basi nikakiziba kwa gunzi lililofungwa jani la mgomba, nikaligongea kwa jiwe likaze sawasawa, nikakipaka kibuyu udongo wa njano ule tunaopakia nyumba. Nikakigeuza shingo chini, nikakikalisha kwenye ngata. Kikawa Jua zuri kuliko boga.

"Kina nini ndani?" Jenista akauliza.

"Hakina kitu," nikasema. Huo ukawa uongo wa pili, ukiuhesabu ule wa kunyamaza.

Akafuta macho, akachukua kamba yake akakipima kibuyu, akaenda kwenye vyungu vya nafaka akatia kitu mfukoni mwa sare. Sikuuliza. Njiani nilikibeba mwenyewe kichwani ili asisikie kinavyocheza.

Shuleni wakakiweka juu ya kigoda karibu na mlingoti wa bendera. Rafiki yake Jenista, Anuarita wa Laurenti, akapelekwa na mwalimu hatua sitini, kama walivyopanga kwa boga, akiwa ameshika punje ya mtama kama mtu aliyeshika hostia ya misa. Ilikuwa saa tatu. Ikaja kwaya, ikaja hotuba ya mwenyekiti wa kamati, ikaja hotuba ya makamu wake iliyorudia ya mwenyekiti, na muda wote huo jua la juu lilikuwa linalipiga jua la chini. Mnaojua pombe ya ndizi iliyotiwa mtama mnajua inachofanya ikifungiwa kwenye joto. Mimi nilijua pia. Nilikaa mstari wa pili nikisali rozari kwa vidole.

Skolastika akanigusa kiwiko. "Leokadia, Jua linatoa jasho."

Kweli, chini ya ngata palikuwa pamelowa, na povu jembamba linachungulia. Hapo hapo Mwalimu Faustini akaita, "Jenista, njoo utuonyeshe Jua."

Mtoto akasimama mbele ya watu, akakohoa, akasema, "Jua letu ni nyota." Kibuyu kikasema pwaa, kikaruka kutoka kwenye kigoda, kikaanguka, kikabingirika mpaka meza kuu kikimwaga njia nzima, na mwisho wa safari yake kikatua kwenye viatu vya Bwana Novati, viatu vyeusi vilivyong'arishwa asubuhi hiyo.

Halafu harufu ikafika nyuma, walikokaa wazee, na Mzee Bonifasi, ambaye alikuwa amesinzia tangu hotuba ya kwanza, akafungua macho akasema taratibu, "Hiyo ni ya Kirushya."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Novati hakucheka. Alitazama viatu, akamtazama Mwalimu Faustini, akasema, "Mwalimu, pombe imeingiaje shuleni mikononi mwa mwanafunzi?"

Jenista alikuwa amesimama pale pale, ananitazama mimi. Hakunitaja. Angeweza kusema ni Bibi, na hakusema, na nikaona safari ya mjini inamtoka mtoto kwa sababu yangu, na mwalimu naye anaingia matatani. Nikasimama.

"Bwana Afisa," nikasema, "mtoto hana kosa na mwalimu hana kosa. Jua lenyewe lilikuwa boga. Jana nilipata mgeni, mkwe wangu, nikalipika na maharage. Hiki ni kibuyu cha mkwe, na nilimwambia mtoto hakina kitu."

"Ulilipika Jua?"

"Ndiyo, baba. Na chumvi."

Hapo hata yeye akaweka leso mdomoni. Mimi nikakaa chini nikitamani ardhi inimeze, na Skolastika (ni rafiki yangu lakini hana huruma) akaniuliza lilikuwa na ladha gani.

Jenista hakucheka. Alikiokota kibuyu, kikiwa kitupu sasa, akakipangusa kwa sketi, akakirudisha kwenye kigoda. Akapaza sauti kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Anuarita, tupa mtama. Rudi hatua thelathini."

Akatoa mfukoni kile alichokichukua nyumbani, ulikuwa ulezi, akampelekea Anuarita punje moja. Akarudi, akasimama mbele ya Bwana Novati.

"Boga lilikuwa na upana mara mbili ya kibuyu hiki," akasema. "Jua likipungua nusu, dunia nayo inapungua nusu, ndiyo maana sasa ni ulezi. Na hatua sitini zinakuwa thelathini. Ile nyota ya jirani iliyokuwa Japani inakuja mpaka India."

"Nani amekupigia hesabu hiyo?"

"Nimepiga mwenyewe asubuhi, baada ya kuona mbegu."

Bwana Novati akajiweka sawa kwenye kiti. "Na Jua la kweli, nalo linaweza kupasuka hivi?"

"Hapana. La kweli halina kizibo. Ni gesi tupu. Joto la katikati linasukuma kwenda nje, uzito wake lenyewe unabana kurudi ndani, na vinalingana, ndiyo maana linakaa. Kibuyu cha Bibi hakikulingana." Akafikiri kidogo. "Siku moja litavimba, liwe jekundu, na ganda lake la nje litawanyike. Lakini ni miaka mingi mno, mwalimu alisema mabilioni."

Akaongeza kwamba boga lilikuwa pia na madoa ya mkaa, kwa kuwa Jua la kweli lina madoa, na doa moja laweza kuimeza dunia nzima, ila hayo madoa yalisuguliwa. Hakunitazama aliposema hivyo, na mimi nilitazama chini.

Bwana Novati akaandika kitu kwenye daftari lake lililolowa pembeni. Akasema mtoto wa kwenda mjini ni huyu, ila aende na boga, na huyo bibi yake asilale nalo chumba kimoja.

Mnaona basi, mtoto alipona kwa akili yake, si kwa yangu. Mimi nilibaki na aibu ya pombe ya mkwe, niliyoogopa kuimwaga peke yangu uani, na sasa imemwagwa mbele ya kata nzima. Habari ilinitangulia Kirushya. Nilipokwenda Jumapili kumwomba radhi, Veneranda alikuwa amekaa mlangoni ananingoja, akaniambia, "Mkwe, pombe yangu imenawisha miguu ya serikali. Ukoo wetu haujawahi kufika huko." Akanipa boga lake la mwisho, nikalibeba kichwani hadi nyumbani, nikamkabidhi Jenista mkononi, nikatoka chumbani kabla sijaonekana nimelitazama.

Alikwenda mjini, akashika nafasi ya pili. Aliporudi tulikaa uani nikichambua maharage jua likizama, nikamwambia nimekubali, Jua ni nyota, kwa sababu mtu akishapika kitu na kukimwaga hana budi kukijua.

Siku hizi boga likiiva shambani silikati kabla ya kuuliza. Namwita, nasimama nalo mlangoni nikilishika kwa mikono miwili, nauliza hili ni chakula au ni nyota. Yeye hulizunguka, hulipima kwa macho, kisha hurudi kwenye daftari lake.

"Hilo ni chakula, Bibi. Pika."