Kikombe Nilichonywewa

Barazani kwetu Jang'ombe tulikuwa na sheria moja ya kipuuzi: ukishindwa hoja, unanywewa. Yaani kahawa iliyobaki kikombeni mwako anaimaliza aliyekushinda, papo hapo mbele ya watu, na wewe unakaa unamtazama huku wenzio wanakuzomea. Nani aliyeianzisha sheria hiyo hatujui. Tuliikuta, tukaifuata, watu wazima na ndevu zetu, tukigombea nusu kikombe kama watoto wanaogombea ukoko. Naieleza mapema kwa sababu bila ya kuijua huwezi kufahamu nilichokifanya.

Mimi ni mtembeza wageni. Nawapitisha vichochoro vya Mji Mkongwe, nawapeleka mashamba ya viungo, nawateremsha pango la Mangapwani, na popo wa huko washaninyea kichwani mara nyingi kuliko nnavyopenda kukumbuka. Basi yale maradhi yalipoenea duniani na watu wakaanza kubishana yametoka wapi, nikajipa cheo. Nikawa nasoma kwenye simu kila nilichokipata, halafu baada ya sala ya alasiri nakwenda barazani kuwamwagia. Nilikuwa upande wa popo: yametoka kwao, yakapitia kwa mnyama mwengine, yakaingia sokoni, yakaingia kwa watu. Nikiulizwa umejuaje, nasema, "Mimi popo nawajua." Upuuzi mtupu.

Aliyekuwa hanipi nafasi ni jirani yangu, fundi wa kushona kanzu, nyumba yake na yangu ukuta kwa ukuta. Hakuwa anasoma chochote. Alikuja barazani na futi yake ya kupimia shingoni, anakaa, anasikiliza, halafu anakumaliza kwa maneno mawili. Yeye alishika kuwa yametoka maabara, yamewaponyoka wataalamu wenyewe. "Mtu anafuga nyoka chumbani, nyoka akitoka anatwambia katoka msituni," alisema siku moja, na watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nilimpenda sana mtu yule, na nilikuwa siwezi kustahamili kushindwa naye.

Wageni wangu wa mwisho waliondoka kabla ndege hazijasita. Siku mbili baadaye nikaamka koo linawasha. Nikanywa tangawizi na asali, nikajiambia ni vumbi. Jumatatu mke wangu akafukiza udi nyumbani, akapita na chetezo chumba hadi chumba, na mimi sikusikia harufu yoyote. Nikamwomba chetezo. Nikaingiza pua mpaka macho yakatoka machozi kwa moshi. Hakuna kitu. Na habari hiyo ya kupotelewa na harufu nilikuwa nshaisoma, tena mimi ndiye niliyewasomea wenzangu barazani. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Alasiri nikaenda. Ningesema nini nikikosekana? Watu washaanza kututazama kwa jicho la pembeni sisi tunaoshinda na wageni. Na kwa kweli, aibu naisema yote, nilikuwa na hoja mpya niliyoipata asubuhi, na sikutaka ipoe.

Muuza kahawa akamimina, nikapewa changu. Nikanywa nusu, kahawa haina harufu, haina ladha, maji ya moto tu. Nikaanza kueleza habari za popo, safari zao, mate yao, mimi nazungumza na wao wanatega masikio, nikajiona nshashinda. Fundi akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Yakhe, popo wamo Mangapwani toka mababu zetu hawajazaliwa. Wewe unawaingilia kila wiki na wageni wako. Mbona wewe hawajakuua?"

Baraza zima likalipuka. "Anywewe! Anywewe!"

Fundi akanyoosha mkono. Mimi nimekishika kikombe. Nakumbuka vizuri kwamba nilikishika, kidogo tu, na mmoja akapiga kelele, "Ah, anang'ang'ania! Mpe mwenyewe!" Neno moja lingetosha. Ningesema naumwa. Ningekimwaga chini wakanicheka, basi. Nikampa. Akanywa, akapangusa midomo kwa ncha ya futi, akanambia, "Kahawa ya mshindwa tamu wallahi."

Jumamosi alianza homa.

Sasa nyumbani kwake alikuwa anakaa dada yake mkubwa, mjane, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike. Mtaa mzima ulimjua. Miaka na miaka, akifa mwanamke, mtu hutumwa kumwita kabla hata jamaa hawajamaliza kupigiana simu, naye huja na kanga zake mbili na maneno yake ya upole, huwasemesha maiti kama anawaogesha watoto. Wiki ile ile, Alhamisi, alikuwa amekwenda kumwosha mama mmoja aliyetolewa hospitali.

Jumapili barazani watu wanaulizana kwa hofu, fundi kayapata wapi? Wote wananitazama mimi, mimi si ndiye mjuzi? Nikasema, "Kwani dada yake hakwenda kuosha juzi?" Sikusema zaidi. Niliuliza swali tu, ndivyo nilivyojitetea miaka yote. Lakini nilipoliuliza niliona nyuso zikigeuka zote kuelekea mlango wa nyumba ile, na roho yangu ikatulia. Ilitulia! Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Fundi akafariki siku ya kumi na moja. Tulimzika watu wachache, tumesimama mbali mbali. Dada mtu hakuumwa hata mafua, na hilo pia likawa ushahidi: eti yeye kayabeba tu. Akaacha kuitwa. Hofu ilipopita wakaanza kumwita tena, lakini hapo yeye mwenyewe ndiye aliyekataa.

Nikawa nakwenda kumjulia hali. Nampelekea mkate wa kumimina, nampelekea samaki, nakaa naye ukumbini. Watu wakanisifu kwa ujirani mwema. Na kila nikienda, baada ya shikamoo na marahaba, huniuliza jambo lile lile.

"Mwanangu, wewe unayesoma. Wataalamu washapatana yametoka wapi?"

"Bado, mama. Wanabishana."

"Haya. Mungu atawafunulia."

Nilidhani anaendeleza ubishi wa marehemu ndugu yake. Na mimi jibu lile lilinifaa sana. Ikiwa mabingwa wa dunia na vyombo vyao hawajui maradhi yalikoanzia, mimi nani wa kujua yalivyoingia Jang'ombe? Labda fundi aliyapata kwa mteja. Labda kwa muuza kahawa. Hakika sina mpaka leo, na nililala vizuri juu ya kutokuwa na hakika huko.

Kisha mama yangu akafariki, kwa sukari. Yeye na dada yake fundi walikuwa mashoga toka usichana. Nilimwona akija asubuhi ile na kanga zake mbili, nikafurahi, lakini alisimama kizingitini hakuingia. Akaitazama mikono yake. "Siwezi, mwanangu," akasema. "Mikono hii ilimuua ndugu yangu. Siiamini." Nikamwambia ni kadari ya Mungu. Hayo tu. Tukamtafuta mwosha wa mtaa mwengine, mwanamke mwenye haraka zake, hata jina la mama alituuliza mara mbili.

Mwezi uliopita, Ijumaa asubuhi, nilikwenda kwake kama kawaida. Amedhoofu sasa. Akaniuliza swali lake, nikajibu jibu langu. Mara hii hakuishia kwenye "haya".

"Nambie basi," akasema, "kama yametoka maabara, kama yametengenezwa na watu, labda hayo hayakai kwenye maiti? Au vipi? Labda yanakaa kwa walio hai tu?"

Astaghfirullah. Miaka yote ile bibi wa watu alikuwa anatafuta upande mmoja wa ubishi ule utakaomwachia huru, na mimi namjibu bado, bado. Mkate ulikuwa mkononi, nikauweka chini. Nikamwambia yote: udi, chetezo, kahawa isiyo ladha, kikombe. Nikamwambia na swali nililouliza barazani.

"Siku gani hiyo ya kikombe?" akauliza.

"Jumatatu."

"Mimi nlikwenda kuosha Alhamisi."

Akahesabu kwa vidole, polepole, akarudia tena. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Akawa anaitazama mikono yake, huku na huku.

"Mama yako alinihusia," akasema. "Kabla hajazidiwa alinishika mkono huu, akanambia, 'Mwenzangu, nkifa asinguse mtu ila wewe.' Nkamwitikia naam. Siku ilipofika nkasimama mlangoni kwako, nkakwambia siwezi, na nkakwambia kwa nini. Na wewe ulikuwa umesimama pale pale, unantazama."

Ni kweli. Nilimtazama akirudi mpaka akaingia kwao, kisha nikafunga mlango.